Siku Lori Ilipanda Mlima Ikiwa Imezimwa

Mimi shule sikuenda, lakini barabara nimesimamia. Hiyo ndiyo kazi yangu, kusimama. Unapewa bendera nyekundu na ingine ya kijani, unasimama katikati ya lami, na hata mkubwa akuje na gari ya kung'aa namna gani, anangoja mpaka mimi nimalize kukohoa. Kuna siku nilisimamisha msafara wa harusi, bibi harusi akaingia kwa gari msichana akatoka nyanya. Uliza mtu yeyote wa Machakos.

Lakini hii ingine naambia nyinyi leo sijaongeza chumvi. Labda kidogo tu, ya kuonja.

Tulikuwa tunapima barabara ya kuelekea upande wa Kangundo. Ilikuwa imezeeka, iko na nyufa kama kisigino cha mtu wa kutembea bila viatu, na serikali ilitaka ivalishwe lami mpya juu ya ile ya zamani. Sasa watu wanafikiri hiyo ni kumwaga tu, kama mtu anapaka mkate siagi. Hapana. Lazima kwanza uulize ile ya chini: mama, bado uko na nguvu? Ikisema iko nayo, inafunikwa nyembamba. Ikisema imechoka, inafunikwa nene kama godoro la hospitali, ama inachimbuliwa kabisa. Na kwa sababu barabara haina mdomo, inaulizwa na lori.

Inaulizwa hivi. Lori inajazwa kokoto mpaka inakohoa. Inasimama. Katikati ya zile tairi mbili za nyuma zinakaa pamoja, unaingiza chuma kirefu chembamba, sisi tunaita bimu, ncha yake inagusa lami. Huku mwisho mwingine, nyuma ya lori, kuna kasaa kadogo kako na mshale. Lori ikitoka pole pole kwenda mbele, ile lami ilikuwa imekandamizwa inainuka tena, na mshale unasema imeinuka kiasi gani. Kitu kidogo sana, hata unywele ni mnene. Lakini inainuka. Mara ya kwanza nikiona huo mshale unatembea, nilishindwa kula. Miaka yote nimesimama juu ya kitu kinapumua na hakuna mtu aliniambia.

Mwenye kusoma mshale alikuwa injinia wetu, dada mmoja mdogo wa miwani, mpole, lakini akikasirika anaongea chini mpaka unatamani angepiga kelele. Na dereva wa lori alikuwa shemeji yangu, ndugu ya bibi yangu.

Huyo shemeji ni lazima niwaambie. Alikuwa amekunywa kaluvu, ile pombe ya kwetu, miaka mingi sana. Sio kunywa, kuoga. Kazi ya kwanza alifukuzwa, ya pili akafukuzwa, ya tatu nafikiri alifukuzwa kabla hajafika. Halafu akaokoka. Akasimama mbele ya kanisa akasema kama ataonja tena, Mungu amchukue. Mimi ndiye nilimwombea hii kazi ya lori, na injinia alimwambia siku ya kwanza, kwa ile sauti ya chini: "Baba, nimeambiwa habari yako. Nikisikia harufu mara moja tu, sitauliza swali." Shemeji akasema, "Madam, hutasikia." Na kweli hakuna aliyesikia. Mwaka mzima alikuwa msafi kama sahani ya wageni.

Sasa, mwezi wa saba, ukungu wa huko juu mnaujua. Sio ukungu, ni blanketi ya maji. Ukinyoosha mkono, vidole vinakuaga. Asubuhi hiyo injinia alisema tungoje, ukungu ukainuka kidogo, tukaanza, na tukishaanza ukarudi wote na ukaleta jamaa zake.

Tulikuwa tumefika mahali barabara inateremka pole pole katikati ya mashamba ya kahawa. Kando hapo mama mmoja alikuwa anauza chai na viazi vitamu. Akatuangalia tukipanga vitu.

"Nyinyi mnasimama hapo?"

"Tunasimama hapa, mwaitu," nikamwambia, kama mtu anaita mama yake. "Kuna shida?"

"Mimi sina shida. Nyinyi ndio mko hapo."

"Hapo kuna nini?"

"Vitu haviketi hapo. Kuna mtu wa huko chini anaviita."

"Amewahi kukuita wewe?"

"Mimi aniite nimekopa chai yake? Kunywa yako, inapoa."

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu nilikuwa karibu na mahali panaogopwa, na mtu akiogopa lazima acheke zaidi ya wengine.

Shemeji akaleta lori, injinia akapiga magoti na bimu yake, lori ikaenda mbele, ikiteremka. Nikasikia injini inalia. Inalia kama inapanda, na macho yangu inaniambia inateremka. Shemeji akatoa kichwa nje: "Hii lori leo imechoka, inakataa hata mteremko!" Halafu ukungu ukaimeza. Nikasikia akiizima, kwa sababu mwenye lori hakutaka mafuta yake iungue bure, nikasikia mlango, nikasikia akiweka mawe mbele ya tairi. Hendibreki ya hiyo lori ilikuwa kama ahadi ya mtu wa kura, ilikuwa inashika mpaka ukigeuka. Ndiyo maana mawe. Na mawe unaweka upande wa chini, hiyo hata mbuzi anajua. Halafu akapiga kelele kwamba anaingia kwa kahawa kidogo, akojoe.

Kukanyamaza. Sijawahi kusikia kunyamaza namna hiyo. Hata ndege wa kahawa walikuwa wamefunga mdomo. Injinia alikuwa bado amepiga magoti, anangoja mshale utulie.

"Umetulia," akasema. Halafu akasema, "Hapana."

Nikasogea. Mshale ulikuwa umeanza kurudi. Pole pole, kama mtu anafungua mlango hataki kuamsha mtoto. Lami ilikuwa inakandamizwa tena, na juu yake hakuna kitu. Hapo mbele yetu hakuna lori, hakuna mtu, kuna ukungu mweupe tu, na barabara inashuka chini kama kuna kitu kizito sana kinatembea juu yake kikikuja.

"Ni nani ako hapo?" injinia akauliza. Akauliza barabara, si mimi.

Nikasikia kokoto zinavunjika. Kidogo, kama meno. Halafu mgongo wa lori ukatoka kwa ukungu, mkubwa, umezimwa, bila taa, bila sauti, unapanda mlima kinyumenyume unakuja kwetu. Nilimshika injinia kwa jaketi nikamrusha. Yeye anasema nilimvuta tu. Mimi nakumbuka alipita juu ya kichwa changu. Lori ikapita juu ya bimu, ikaikunja kama waya wa nguo, ikaenda ikajilaza kwa ukingo, ikakaa. Ndani hakuna mtu.

Yule mama wa chai alifunika viazi vyake akaenda nyumbani.

Shemeji akatoka kwa kahawa akifunga mshipi, anacheka, mpaka akaona nyuso zetu.

"Ulirudisha lori?" injinia akauliza.

"Mimi? Mimi nilikuwa huko."

"Lori imepanda mlima peke yake?"

Shemeji akakimbia mbele kwa ukungu, na sisi nyuma yake. Mawe yalikuwa pale alipoyaweka, upande wa chini, hakuna hata moja limeguswa. Alizunguka hayo mawe kama kuku amekosa kifaranga. "Madam, nimeweka mawe. Si unaona mawe?"

"Naona mawe. Lori haiwezi kupanda. Uliingia ukairudisha, ukashtuka, ukatoka mbio. Leta mdomo."

Akanusa. Hakukuwa na harufu, nilikuwa hapo. Lakini injinia alikuwa bado anatetemeka, na mtu akitetemeka anasikia harufu yenye anataka. Akamwambia aende nyumbani mpaka aitwe, kwa ile sauti. Tulijua sisi wote kuitwa ni kitu gani: ni kufukuzwa.

Sasa mtaniuliza, wewe mtu wa Machakos, hukufikiria? Si mko na pale mahali maji inapanda mlima, pale watu wa Nairobi wanakuja kumwaga chupa na kupiga picha? Tuko napo. Shemeji mwenyewe alikuwa anawacheka hao watu kila Jumapili. Lakini hapo ni kwingine, mbali na hapa, na sisi tulijua Mungu aliweka moja tu. Ukishakuwa na kitu cha ajabu kinajulikana na kila mtu, huwezi kufikiri kiko na ndugu.

Nyumbani ikawa matanga bila maiti. Shemeji alikaa kwa kiti nje ya nyumba yangu, anaangalia mikono. Bibi yangu, dada yake wa tumbo moja, akimpelekea uji, akirudi na kikombe ananusa. Nilimwambia aache. Akasema, "Mimi nanusa tu." Watu wa kanisa walikuja kuomba, na walimwombea ile maombi ya mtu ameanguka. Yeye akasema amina. Mimi nikamwambia, "Shemeji, kwa nini unasema amina na hukukunywa?" Akaniangalia kama mimi ndiye nimesema kitu cha ajabu.

Kazini tulipata bimu ingine na lori ingine, na injinia hakuruka hapo mahali. Kila tukipima hapo, mshale unaruka kama chura. Barabara hapo ilikuwa laini kuliko mahali pengine pote. Akasema tuchimbe. Tukachimba shimo kando ya lami, wakati huo kiangazi kimeshaingia, vumbi mpaka ndani ya soksi, na shimo likajaa maji. Maji meusi, yanapanda pole pole, na yalikuwa baridi.

"Haya yanatoka wapi?" akasema. "Mtaro uko hapo chini. Yangekuwa yameenda."

Tukaenda kuangalia mtaro, pale mwisho wa mteremko. Ulikuwa umejengwa vizuri na watu wa zamani, mawe yamepangwa. Na ulikuwa mkavu. Buibui wamejenga ndani miji mizima. Haujawahi kuona maji tangu uzaliwe. Na huko juu kabisa, mahali maji haiwezi kufika, nyasi ilikuwa kijani na vyura wanaimba mchana.

Injinia akasimama akaangalia chini, akaangalia juu. Akaleta ile darubini ya miguu mitatu, akanipa fimbo yenye rangi rangi. "Shika wima. Enda juu."

Nikaenda juu. Akaangalia. "Enda juu zaidi." Nikaenda, napumua kama mtu anapanda. "Zaidi." Nikafika kwa vyura. Akafuta miwani, akaangalia tena, halafu akaniita.

"Hapo umesimama ni chini."

"Madam, hapa ni juu."

"Ni chini. Mashini inasema tangu uanze kutembea unateremka."

Nikaangalia miguu yangu. Wallahi, ilikuwa inapanda. Vilima vya hapo vimeinama vibaya, na kahawa imepandwa ikiinama navyo, na jicho linadanganywa na vyote viwili. Wale wa kwanza walichimba mtaro mahali macho yao yalisema ni chini, na maji ikakaa miaka yote upande wa pili, chini ya lami, ikinyonya. Injinia alisema hata ukimwaga lami nene kama kitanda, itapasuka tu. Kwanza maji ipewe njia, udongo ule umeoza utolewe, mawe iwekwe, ndipo ufunike.

Lakini hayo alisema baadaye. Hapo hapo alikaa chini kwa lami na miwani mkononi, na kitu cha kwanza alisema ni, "Shemeji yako ako wapi?"

Nilimleta na boda boda. Hakuuliza ni ya nini. Injinia akamwonyesha lori, ile ingine, imejaa kokoto, imesimama hapo hapo. "Panda. Usiwashe. Tukienda kando sote, achilia breki."

Akapanda. Tukasimama kwa kahawa, sisi wote tukijua sababu, tumeelezewa na tumeelewa, ni jua kali na hakuna ukungu hata wa kuweka kwa kijiko. Akaachilia. Lori ikafikiria kidogo. Halafu ikaanza kwenda nyuma, kupanda, kimya, kokoto zikivunjika chini yake kama meno. Nywele zilinisimama mpaka kofia ikainuka. Kujua hakusaidii kitu. Injinia mwenyewe alikuwa ameshika mkono wangu na hajui ameushika.

"Simamisha!"

Akasimamisha. Injinia akaenda kwa mlango, akatoa kofia ya plastiki. "Baba, nilikukosea. Naomba msamaha. Kazi ni yako, kesho kuja."

"Asante, madam," shemeji akasema. Hakushuka.

Nikapanda upande ule mwingine nikaketi naye, nikampiga mgongo. "Shemeji! Umeshinda! Leo tunaenda kwa dada yako nimwambie anuse hii lori!"

Alikuwa ameshika usukani na mikono yote miwili.

"Unajua," akasema, "mimi nilikuwa nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba nilikunywa. Nimekaa kwako nikijaribu kukumbuka nilikunywa wapi. Nikakumbuka. Nilikumbuka mpaka kibuyu, na mtu alinipatia, na shati alikuwa amevaa. Nilikumbuka vile ilikuwa chungu kwa ulimi." Akanigeukia. "Huyo mtu nilikuwa namwona vizuri, shemeji. Sasa yeye ni nani?"

Nilikaa naye hapo ndani, mlango ukiwa wazi, mpaka injinia akatuita kazi.