Paka wa Kwa Posho Alipoacha Kunywa Maji

Mimi na mume wangu tuna mashine ya kusaga mahindi kando ya barabara ya Malava. Watu wa upande huu wanapaita kwa posho tu. Mahali penye unga hapakosi panya, na kwa miaka mingi panya wetu walimwogopa mmoja: paka jike wa rangi ya majivu, aliyefika kwetu akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya kopo la kupimia nafaka. Alizeeka machoni petu bila sisi kuona. Kwanza aliacha kuruka juu ya magunia. Halafu panya wakaanza kupita mbele yake bila haraka.

Kiangazi kilichopita nikaona jambo jingine. Manyoya yake yalisimama ovyo kama ya kuku aliyenyeshewa, macho yakaingia ndani, na choo chake kikawa kigumu kama kokoto. Alikuwa anafika kwenye bakuli lake la maji, ananusa, anakaa analitazama, kisha anaenda zake.

"Huyu amemaliza kazi yake," mume wangu alisema huku akikaza mkanda wa mashine. "Dada yako kule Buyangu ana watoto wa paka. Leta mmoja."

"Nitaleta," nikamwambia. "Lakini huyu hatakufa kwa kiu ndani ya boma langu, na tangi la mvua liko pale."

Bahati nzuri daktari wa mifugo alikuwa amekuja kwa jirani kutazama ng'ombe. Nikamfunga paka ndani ya leso, nikavuka ua. Daktari alicheka kidogo, maana si kila siku anapelekewa paka. Kisha akaacha kucheka. Aliishika ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaivuta juu, akaiachilia. Ilibaki imesimama kama hema, ikarudi polepole.

"Mama, huyu amekauka," akasema. "Na kwa umri wake, figo zimeanza kuchoka. Anakula nini?"

"Omena kavu na obusuma, ugali wetu huu wa kila siku."

"Na maji hanywangi?"

"Anayaangalia tu."

Akamdunga maji chini ya ngozi, nundu ikatokea begani. "Leo nimemsaidia. Lakini huwezi kuniita kila wiki, utauza mashine. Kila anachokula kiwe na maji ndani yake. Chumvi usiweke, na kitunguu pia usiweke."

Nilianza vibaya. Nilimpa maziwa, akaharisha. Nilipompigia daktari simu aliniambia maziwa niwaachie ndama. Nikachukua bomba la plastiki tulilokuwa tukiwapimia watoto dawa, nikajaribu kumtilia maji mdomoni. Akapaliwa, akanikwaruza mkono, akajificha chini ya mashine hadi jioni. Nikaketi pale nikifunga kidonda na kujiambia kwamba kwa nguvu sitamweza. Lazima atake mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka mgongo wazi. Ni ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, na mama anayeuza samaki sokoni huwa na rundo lake kila asubuhi. Ni rahisi kuliko kitu kingine chochote mezani kwake. Nikaichemsha kwa maji mengi bila chumvi, nikaichuja mara mbili ili kusibaki mwiba, nikaiacha ipoe. Paka alinyanyua pua kabla sijaweka sahani chini. Alilamba akapumzika, akalamba tena. Sikusogea nilipokuwa, nisije nikamshtua.

Tangu siku hiyo omena zake nikawa nazilowesha katika supu ile mpaka zinalainika. Wateja waliokuja kusaga wakanigeuza hadithi. Mmoja alisimama mlangoni na debe lake kichwani, akasema kwa sauti, "Kumbe kuna paka wanapikiwa supu, sisi tunakula kunde!"

"Supu ya mifupa," nikamjibu. "Keti nikupakulie."

Wakacheka. Nami nikaendelea kukoroga.

Bado maji yenyewe alikuwa hayagusi, na hilo lilinisumbua. Siku moja kulikuwa na foleni ndefu, mashine ikinguruma, nikachukua kikombe changu cha maji nilichokuwa nimeweka dirishani. Nikanywa, nikatema. Juu kulikuwa na utando wa unga, ulimi ukanata. Nikaenda moja kwa moja kwenye bakuli la paka, lile lililokaa kando ya magunia miaka yote, nikapitisha kidole. Utando uleule. Alipokuwa kijana huenda alikunywa kwingine, mitaroni na kwa majirani, lakini sasa miguu haikumfikisha huko.

Nikatafuta sahani pana, isiyobana sharubu zake, nikaiweka nyuma ya nyumba kivulini, mbali na vumbi. Nyingine nikaiweka chini ya bomba la tangi linalodondosha maji. Maji nilibadilisha asubuhi na jioni. Alikuja kwenye ile ya tangi, akatazama matone yakianguka, akatia ulimi. Alikunywa kwa muda mrefu, nami nikapiga kelele kwa furaha hadi mume wangu akazima mashine akidhani nimeumia.

Alitazama, akatikisa kichwa. "Hiyo kelele yote ni ya paka?"

"Ni ya paka."

Baadaye nilikwenda matangani Mumias, nikalala huko. Niliporudi nilipitia sokoni, na mama wa samaki akaniambia, "Mzee wako alikuja kuchukua mgongo wazi. Akachagua wenye kichwa."

Nyumbani nilimuuliza. "Nilikuwa natafuta kitoweo changu," akasema, bila kunitazama. Sufuria ya supu ilikuwa jikoni, imechujwa, haina chumvi.

Paka yupo bado. Figo hazitapona, daktari alinieleza hivyo wazi, na ipo siku supu haitatosha. Yule mdogo kutoka Buyangu ndiye anayekimbizana na panya siku hizi. Akijaribu kunywa kwenye sahani ya tangi, bibi kizee humzaba kofi, humngoja aondoke, kisha huinama akanywa.