Rangi ya Kucha kwenye Bodi

Tulimwita Kanuni, na hakukasirika. Nadhani alijiona amepandishwa cheo. Alikuwa fundi wa simu, redio na kila kitu chenye bodi ya umeme ndani yake. Tulikaa meza moja miaka tisa, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyaokota barabarani. Kama unatafuta wa kumsifu, muulize mwingine. Mimi nilimpenda, lakini kumsifu siwezi.

Chumba chetu kilikuwa na upana wa kitanda na nusu. Meza iliyojaa madoa ya kuungua, taa mbili za shingo ndefu, kopo la bisibisi, mkebe wa biskuti uliojaa skrubu ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi, na lenzi moja kubwa tuliyoigombania kutwa. Kwenye droo ya Kanuni kulikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kupiga kelele. Wateja wapya walikitazama, wakamtazama yeye, wakanitazama mimi. Niliwaacha wafikirie wanavyotaka.

Kazi ya kichupa hicho ilikuwa hii: Kanuni akimaliza kuunga kwa solda, alidondosha tone moja la rangi juu ya kiungo, likauka, unyevu ukakosa pa kuingilia. Ujanja huo alipewa na dada yake. Huyo dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamwogesha, akamchapa, akampeleka shule. Kanuni alipoanza ufundi, redio ya kwanza aliyoitengeneza ilikufa tena baada ya siku mbili kwa sababu jikoni kwao kulijaa mvuke. Dada akamtupia kichupa chake. "Paka hii. Mimi nafua nguo wiki nzima na haibanduki." Tangu siku hiyo hakutumia kitu kingine, na rangi haikubadilika.

Dada aliolewa mbali, ng'ambo ya mto mkubwa, na huko ndiko vita vilikokwenda kumkuta. Alipiga simu kila Jumanne saa nne asubuhi. Kanuni aliweka spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi, hivyo na mimi nikawa na dada wa kila Jumanne.

Sasa nikueleze kundi. Kanuni alikuwa msimamizi wa kundi la mafundi mtandaoni, watu elfu kumi na moja wa nchi nyingi, na mimi alinifanya msimamizi wa pili, nadhani kwa sababu nilikuwa karibu wa kukaripiwa. Mwanzoni lile kundi lilikuwa soko. Mtu alitaka msaada wa chaja, akaanza na mama mkwe wa mteja. Kanuni akatunga sheria. Ukitaka kuuliza, unaweka picha ya bodi peke yake, imesafishwa, iko juu ya karatasi nyeupe, rula pembeni. Husemi ni ya nani. Husemi imetoka wapi. Husemi ilikutwa na nini. "Hadithi kamwambie mkeo," aliandika, na neno hilo likabandikwa juu kabisa ya ukurasa. Jibu likifanya kazi linawekewa alama ya kijani, na lenye alama ya kijani halifutwi na yeyote, hata yeye mwenyewe. Aliomba liwe hivyo. Aliogopa mafundi wenye wivu wasije wakafuta kazi za wenzao.

Na kwa kweli kundi lilinyooka. Sitamnyima haki yake hapo.

Jumanne moja dada alipiga akiwa anacheka. "Hivyo vidroni vyao vinakuja kila asubuhi, mdogo wangu, na vimabomu vyao tumboni. Vikifika mtoni vinazima, vinatumbukia. Ni ukungu! Nikiwa napika chai navisikia vinakuja, vinakuja, halafu kimya. Namwambia shemeji yako, haya, kingine kimekwenda kuoga."

"Usikae nje," Kanuni alisema.

"Nikae ndani nifanye nini? Ukungu unatulinda kuliko jeshi."

Tulicheka wote watatu. Nakumbuka nilicheka mpaka nikadondosha skrubu.

Wiki iliyofuata mtu mmoja akaweka picha kwenye kundi. Jina lake lilikuwa tarakimu tupu. Picha yenyewe ilikuwa ya kufundishia: bodi safi, karatasi nyeupe, rula imenyooka kama imepimwa. Chini yake maneno machache: "Ikiwa kavu inafanya kazi. Penye unyevu inazima."

"Ona mtu mwenye adabu," Kanuni aliniambia, uso umemng'aa. Aliacha simu ya mteja imefunguliwa tumbo, akajibu hapo hapo. Alichora duara tatu juu ya picha. Safisha hapa, hapa na hapa, kausha, dondosha rangi ya kucha, subiri. Kesho yake yule mtu akarudi: "Imekubali." Alama ya kijani ikawaka, na pongezi zikamwagika.

Mimi niliikuza ile picha. Pembeni mwa bodi palikuwa na kishikizo kidogo cha kufunguka, na kishikizo cha namna ile nilikwisha kukiona kwenye picha za habari. Ndicho kinachoshika vile vimabomu vinavyotawanyika, ambavyo nchi nyingi zimevipiga marufuku na nyingine zinavitengeneza usiku na mchana. Nikaandika hivyo kwenye kundi. Nikauliza: jamani, sisi tunasaidia kutengeneza nini? Tusiulize hata kidogo?

Moto ukawaka. Mmoja akasema droni zinanyunyizia dawa mashamba, niache kutisha watu. Mwingine akasema kisu anacho mpishi na anacho mwuaji, je, tusinoe visu? Fundi mmoja wa kike, mtu mzima, akaandika kwamba kwao vitu hivyo vimelala shambani mpaka leo na watoto wanaviokota, na kama mafundi hawawezi kuvizungumzia, basi avizungumzie nani, wapishi? Akaweka picha ya kimoja, ili watu wakijue wasikiguse. Haikuwa na karatasi nyeupe. Haikuwa na rula.

Kanuni aliifuta. Kisha akaandika: "Hapa tunazungumza bodi. Bodi haina kabila wala bendera. Si swali la kiufundi. Nimefunga."

Simu yangu ikalia. Nimezuiwa kuandika siku thelathini. Nikamgeukia. Alikuwa nusu mita kutoka kwangu, ananyonya kidole alichokiunguza na solda.

"Umenifungia?"

"Ni kanuni," alisema. "Ningekuacha wewe, wangesema napendelea."

Nilinuna. Nina kipaji cha kununa, hilo hata mume wangu atakuapia. Siku ya tatu, nikiwa nimenuna vizuri kabisa, jambo moja likanijia kichwani. Nikasema polepole, bila kumtazama, "Kaka, dada alisema vinazima kwenye ukungu."

Alijibu akiwa ameinamia kazi. "Mito ni mingi duniani, fundi. Nipe lenzi."

Nikampa lenzi. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kumpokonya ile simu, nikampigia dada mimi mwenyewe. Lakini nilikuwa na siku ishirini na saba za kununa mbele yangu na nilitaka kuzitumia zote. Sasa umejua unasikiliza hadithi kwa mtu wa namna gani.

Jumanne ya tatu baada ya hapo dada hakucheka. "Jana kimoja kimevuka. Kimemaliza mbuzi wa jirani."

"Ukungu ulikuwepo?" Kanuni aliuliza.

"Ulikuwepo, mzito. Hata mto sikuuona."

Solda ilikuwa mkononi mwake, ikafuka moshi bure. Alimwambia dada afunge milango. Dada akamwuliza mlango unazuia nini. Alipokata simu, Kanuni alifungua kundi akajaribu kulifuta lile jibu lake. Halikufutika. Akajaribu kwa nywila ya msimamizi. Halikufutika. Akawaandikia waliotutengenezea ukurasa, wakamjibu kwa heshima kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo. Na hata lingefutika, watu zaidi ya mia nne walikwisha kulihifadhi kwenye simu zao.

"Mwambie dada ahame," nilimwambia.

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Dada yule hakuwa mtu wa kuambiwa hama akahama. Angeuliza kwa nini, angeuliza mara tatu, na ya tatu Kanuni angesema ukweli, kwa sababu kwake hakuwahi kuweza kudanganya. Kila siku alishika simu, akaiweka. Akashika, akaiweka. Mimi niliona na nikaendelea kufungua skrubu.

Jumanne iliyofuata saa nne ikapita, saa tano ikapita. Kanuni alitengeneza simu sita siku hiyo bila kwenda hata chooni. Jumatano shemeji ndiye aliyepiga.

Dada alikuwa jikoni, shemeji alisema. Alikuwa anapika chai. Kisha akatuma picha. "Hiki tumekikuta uani. Wewe ndiye fundi wetu. Tuambie ni kitu gani kimemwua dada yako, watoto wanauliza."

Kilikuwa kipande cha bodi juu ya sinia, kimeungua ncha moja, kina matone matatu mekundu. Mimi nilidhani ni damu. Nikaleta lenzi. Damu haing'ai hivyo.

Sikumshika mkono. Ningependa kusema nilimshika, lakini sikumshika. Nilimhurumia na nilimchukia kwa wakati mmoja, na chuki ndiyo iliyokuwa karibu.

Alikaa siku nne nyumbani. Aliporudi, ndevu zimemwota, alikaa mahali pake akaandika kwenye kundi. Alinipa mgongo lakini maneno yote niliyasoma kwenye simu yangu. Aliandika kwamba dada yake ameuawa. Aliandika kwamba picha hii ni ya kitu kilichomwua, na kwamba anawaomba mafundi wote tuzungumze, hata kwa siku moja tu, kuhusu vitu tunavyovisaidia bila kuuliza. Aliandika "tafadhali" mara mbili. Ile picha ya sinia akaibandika chini yake.

Adhabu yangu ilikuwa imeisha juzi yake.

Nikafuta. Nikaandika: "Si swali la kiufundi. Hadithi kamwambie mkeo. Nimefunga."

Alisoma. Nilisikia kiti chake kikilia.

"Umefuta?"

"Ni kanuni," nilisema. "Ningekuacha wewe, wangesema napendelea."

Nilikuwa nimeyatunza maneno hayo mwezi mzima. Nilitegemea yatakuwa matamu. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyepigwa na anayejua kwa nini amepigwa, akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikatamani kuyameza. Lakini sikurudisha lile andiko lake, na hilo nalo liandikwe.

Akamtumia shemeji ujumbe. "Kiondoe kwenye sinia. Kisafishe na spiriti. Kiweke juu ya karatasi nyeupe, weka rula pembeni, piga picha upya." Shemeji alitii. Mtu aliyemzika mkewe wiki hiyo hiyo alikisafisha kile kipande kwa pamba, akakilaza juu ya karatasi iliyochanwa kwenye daftari, na kando yake rula ya shule ya binti yao, yenye jina la mtoto limechorwa kwa kalamu.

Kanuni akakata lile jina kwenye picha, kwa sababu hairuhusiwi kusema ni ya nani. Akaiweka kwenye kundi. "Bodi hii ni ya nini?"

Hiyo nililazimika kuiacha. Ilikuwa halali kabisa.

Majibu hayakuchukua dakika tano. "Bosi, unatupima?" "Hii si ni yako mwenyewe? Angalia jibu lako lenye alama ya kijani." "Matone matatu, mahali pale pale. Mafundi wachanga, tazameni hapa." Mwingine alikuza picha, akaandika kwa furaha kwamba ncha imeungua lakini viungo vyote vitatu ni vizima, hakuna hata kimoja kilichoingiza maji, na huo ndio ufundi. Watu mia na kitu wakaunga mkono. Yule wa tarakimu hakuandika neno. Aliweka dole gumba.

Kanuni aliyasoma yote, moja moja, mpaka la mwisho, kidole chini ya mistari kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha simu ikaita na kwa mazoea akaweka spika.

"Wamekuambiaje?" shemeji aliuliza. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watoto, na mmoja aliuliza, ni mjomba huyo?

Kanuni alifungua droo, akakitazama kile kichupa, akaifunga.

"Bado, shemeji," alisema. "Nimewauliza mafundi. Hawajui."

"Waulize vizuri."

"Nitawauliza."

Akakata simu. Mteja alikuwa amesimama mlangoni na redio kwapani, anasubiri. Kanuni akamwambia aiweke mezani, akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka, akaniomba lenzi. Nikampa.