Tisheti Niliyoivaa Ukweni

Jamani, hili nimelificha hata kwa ndugu zangu, leo nalitoa, mnicheke tu. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Zuhura, mchumba wangu, kule Temeke, pasi iliniunguzia shati jeupe, na mie badala ya kuazima la jirani nikavaa tisheti nyeusi ya mtumba niliyoinunua Tabata, nikafunga koti juu, nikajisemea nani ataiona.

Tumekaa kidogo umeme ukakatika, feni ikasimama, jasho likanitiririka mpaka shangazi yake Zuhura akanihurumia. "Vua koti, baba, utatuzimikia hapa!" Nikakataa mara mbili (ya tatu ingekuwa utovu wa adabu), nikavua.

Baba mtu, Mzee Shomari, akawatazama Wazungu wanne wenye nywele zilizosimama, waliochapwa kifuani pa tisheti. "Hao nani?"

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini mie mwalimu, nikiulizwa lazima nifafanue, basi nikamweleza taratibu kwamba ni bendi kongwe ya Uingereza, wanapiga panki, muziki wa utulivu wa kusifu wazazi, na tangu ujana wao hawajawahi kugombana, "kama ndoa njema, mzee."

Mshenga niliyekwenda naye akanikanyaga mguu.

"Geuka," mzee akasema.

Kumpa mkwe mgongo! Nikageuka, nikasikia kidole chake kikishuka mgongoni, mji kwa mji, kwenye orodha ya ziara zao iliyoandikwa nyuma ya tisheti, kikasimama karibu na kiuno.

"Hapa nilikuwepo. Nilikuwa baharia, meli imetia nanga, nikaenda kuwaona. Masikio yaliziba siku mbili kwa kelele za hiyo panki, na wakapigana wenyewe jukwaani. Hawa wameachana mara tatu, wamerudiana mara tatu, mpiga ngoma walimfukuza, sasa wana vipara na bado wanaimba matusi."

Shangazi akajifunika khanga mdomoni, mabega yakimtikisika.

"Bendi huijui, umeieleza vizuri hivyo," mzee akasema. "Na binti yangu unasema unamjua. Nishike lipi?"

Tukaondoka bila kukubaliwa wala kukataliwa. Tulipoitwa tena, wiki tatu baadaye, nilivaa kanzu, mzee akaniuliza mlangoni, "Zuhura akinuna, hunyamaza siku ngapi?"

"Sijui, mzee."

"Nne. Ingia ndani."

Tangu hapo mwanafunzi akiniambia "sijui" simkemei, namwambia kaa, tutafute wote. Na tisheti? Mkwe wangu aliiomba siku ileile ya kanzu, huivaa akifagia uwanja.