Tausi Alipotimiza Miaka Saba

Hashimu ni fundi makochi, Nyakato, Musoma. Mkewe Shamsia alipoondoka na binti yao Tausi kurudi kwao Kibara, mtoto alikuwa na miaka minne. Hawakugombana sana. Walikuwa wamechoka tu kukaa kimya ndani ya nyumba moja. Tangu hapo Hashimu alikuwa anatuma matumizi kila mwezi, na mara mbili kwa mwaka anakwenda Kibara, anaketi sebuleni kwa wakwe kama mgeni, kisha anarudi.

Kaka yake Jumanne ndiye aliyempa tumaini. Alimwambia kwamba mtoto akifikisha miaka saba ni wa baba, sheria ndiyo inasema, akamchukue tu. Hashimu aliyashika maneno hayo miaka mitatu. Alipaka rangi chumba cha pili, akanunua chandarua.

Siku ilipofika akampigia Shamsia. Mwanamke hakubishana, alimwambia wakutane ofisi ya ustawi wa jamii, Bunda.

Afisa wa pale, mama aitwaye Hyasinta, aliwasikiliza wote wawili, kisha akamgeukia Hashimu.

"Baba Tausi, hiyo miaka saba ulielezwa vibaya. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya umri huo anafaa kukaa na mama, labda ithibitike vinginevyo. Haisemi kwamba akifika saba anahama. Mkishindwa kuelewana mtakwenda mahakamani, na huko wataangalia kinachomfaa mtoto. Yeye naye atasikilizwa."

"Mimi nilikuwaga najua ni haki yangu."

"Haki ni ya mtoto, atunzwe na ninyi wote wawili."

Hyasinta akaenda kuongea na Tausi, aliyekuja na mama yake na alikuwa akisubiri nje, wawili peke yao. Aliporudi alisema mtoto anampenda baba yake, ila shule na rafiki zake wako Kibara, na kwa baba hajui hata atalala wapi. Hilo la mwisho lilimuuma Hashimu kuliko yote. Wakakubaliana Tausi asome akiwa kwa mama, nusu ya kila likizo aende Musoma, na sare na madaftari yawe juu ya baba, pamoja na matumizi. Wakatia saini.

Mwanzoni mwa Juni Tausi alikuja. Aliomba ruhusa kunywa maji, akaomba ruhusa kufungua dirisha. Hashimu akamwambia hapa ni kwako. "Ndiyo, baba," akajibu, na baada ya muda akaomba tena. Siku ya tisa Hashimu alikuwa anashona barazani akamsikia ndani akichota maji bila kuuliza. Akasimamisha cherehani, akasikiliza mpaka kikombe kikarudi mezani.

Wiki mbili zilipoisha Shamsia alimfuata.

Kesho yake mteja aliyeleta kochi lililochanika aliuliza mbona leo kimya. Hashimu akamwambia binti yake amerudi kwa mama yake, atakuja Desemba.

"Desemba si mbali," mteja akasema.

Hashimu akaitikia. Juni ilikuwa bado haijaisha.