Cheti Alichokificha Sabiri

Kwenye nyaya za kuanikia mkonge, nafasi ya Sabiri ilikaa tupu siku tatu. Wenzake walitundika nyuzi kulia na kushoto, wakaiacha ile ya katikati.

Alikuwa na digrii ya ualimu. Miaka minne alituma maombi ya ajira serikalini, akajitolea kufundisha bila mshahara, akaenda kwenye usaili Tanga mara mbili. Aliposikia kwamba shamba moja nje ya Korogwe linatafuta waanikaji, alipeleka cheti cha kidato cha nne tu. Msimamizi wa pale, Nicolaus, hakutaka wasomi. Wawili walishamkimbia katikati ya msimu, siku ajira za serikali zilipotangazwa. Mshahara ulikuwa laki moja na nusu kwa mwezi. Wenzake wa chuo waliobahatika walianza na zaidi ya laki saba.

Mama yake, Hamisa, yuko kijijini Kwaluguru, upande wa Handeni. Aliuza ng'ombe wanne ili kijana asome. Sabiri alimwambia kwa simu, "Mama, nimepata kazi ya kuanika mkonge, Korogwe," akaishia hapo. Angemwambiaje kwamba ameipata kwa kuificha digrii yenyewe?

Kwao, mtoto akiajiriwa, mzazi huenda kumshukuru mwajiri. Jumatatu moja Hamisa alishuka kwenye basi na jogoo kapuni, akaulizia ofisi.

"Karibu, mama," Nicolaus alisema. "Umetuletea kitoweo?"

"Shukrani hiyo, baba. Lakini na wewe, mtu wa chuo kikuu unamshindisha juani? Si umpandishe ofisini, na mshahara uongezeke."

"Chuo kikuu?"

"Kumbe hujui? Miaka mitatu."

Sabiri akaitwa. Aliingia na vumbi jeupe mikononi, akamwona mama yake, akamwamkia.

"Haya, mwalimu," Nicolaus alisema, "leo unanifundisha nini?"

"Niache nimalize msimu, bosi. Sitaondoka."

"Hata wale walisema hivyo hivyo. Kachukue vitu vyako."

Hamisa aliwatazama kwa zamu. "Nimesema vibaya?"

"Hapana, mama. Umesema kweli."

Walirudi pamoja kwa basi mpaka Handeni. Pale stendi Sabiri alimweleza mama yake kwamba aliificha digrii ili aajiriwe, ndipo mama alipoelewa. Akamwomba mwanawe radhi.

Sasa ana miaka thelathini. Yuko Kwaluguru, analima mahindi kwenye ekari mbili za mama yake.