Kitabu Cheupe cha Mnara wa Saboti

Mnara ule wa mbao juu ya mlima wa Saboti, usiniambie ulikuwa wa serikali. Karatasi zilisema hivyo, sawa. Lakini nguzo zake alizibeba babake Kibiwott begani, enzi za Mzungu, moja moja kutoka bondeni. Na aliyekaa juu yake tangu mwaka wa themanini, akilinda msitu usishike moto, ni Kibiwott mwenyewe. Januari, mabua yakishakauka, watu wanayachoma shambani na upepo umechachamaa, hakushuka hata kunywa chai.

Kazi ilikuwa mbili: uone moshi, uuandike kitabuni. Ya kwanza aliiweza sana. Ya pili ndiyo iliyomponza. Maana moshi una mwenyewe! Ukiandika "moshi, shamba la Absalom", umempeleka Absalom kortini. Na Absalom ni jirani, mkewe ndiye aliyemzalisha mke wa Kibiwott. Utamwandikaje?

Basi Kibiwott akiona moshi alishuka mbio, panga mkononi, akifoka: "Absalom! Ati unataka kuchoma mlima mzima?" Wakaupiga moto kwa matawi mabichi, wakatukanana weee, kisha wakaketi kunywa maziwa. Kitabuni hakutia neno. Kwa Absalom alishuka hivyo mara nne, na majirani wengine pia aliwazimia moto.

Themanini na tisa akaja bwana msitu mpya kutoka Kitale. Akafunua kitabu, akafunua tena. Kweupe.

"Mzee, miaka tisa hakuna moto hata mmoja?"

"Ulikuwepo. Niliuzima."

"Uko wapi hapa?"

Hebu fikiria! Mtu amezima moto, anaulizwa uko wapi. Kibiwott alitamani kukitupa kitabu chini ya mnara na bwana msitu akifuate.

Ikaamuliwa mnara ubomolewe, kwa kuwa hauna kazi, na Kibiwott aende nyumbani. Alipolalamika, bwana msitu akaita baraza Ijumaa. "Aliyewahi kuzimiwa moto na huyu mzee aseme."

Watu walijaa. Kibiwott akamtazama Absalom. Absalom akatazama nyasi. Wengine wakakohoa, wakarekebisha kofia. Faini nani anaitaka?

"Basi andika wewe," bwana msitu akasema, akampa kalamu. "Jina moja tu la aliyewasha, na mnara unabaki."

Kibiwott akaipokea kalamu. Jina alikuwa nalo, alikuwa na majina kumi! Akainama, akaandika: "Hakuna moto." Akatia sahihi. Absalom akashusha pumzi, Kibiwott akaisikia, ikamchoma kuliko maneno yote ya siku ile.

Jumatatu watu wa serikali wakaja kubomoa, wakatafuta vibarua. Wa kwanza kushika kamba alikuwa Absalom.

"Hata wewe?" Kibiwott akauliza.

"Ah, Kibiwott bana," Absalom akasema, akiifunga kamba kwenye nguzo. "Si hata wewe uliandika hakuna moto?"