Ndege Ishukie Wapi Kwanza

Filister wa Kosele ana wivu na hafichi. Kwa Kiluo mke mwenza huitwa nyieka, neno lililo ndugu wa nyiego, yaani wivu, kwa hiyo yeye husema kosa ni la lugha, si lake.

Mumewe Nicholas ni seremala Nairobi. Zamani alikuwa akija kwa basi la usiku, asubuhi anashuka Kosele. Tangu binti yao aanze kumkatia tiketi ya ndege kwa sababu ya mgongo, amani imeondoka. Ndege yenyewe hutua kwanza Migori, karibu na Awendo anakoishi mke wa pili, Lynnet, na Nicholas hushukia hapo hapo. Kisha huruka tena kilomita hamsini na kitu, robo saa tu, ndipo ifike Kabunde, uwanja wa Homa Bay. Mwanamume mzima anashindwaje kukaa kwenye kiti robo saa?

Mwaka huu mvua ilipoanza, wivu ukazidi. Desturi yao iko wazi: mume alale kwa mikayi, mke wa kwanza, kisha mikayi apande. Wa pili hagusi mbegu kabla yake. Nicholas akilala Awendo kwanza, Filister atabaki mikayi wa jina tu.

Akaenda Kabunde kumpokea. Simu ikalia.

“Mikayi, ndege imeharibikia hapa Migori,” Nicholas akasema. “Wacha nilale huku, nitakuja kesho.”

“Hiyo imeharibika ndio hii naona inashuka hapa mbele yangu?”

Simu ikakatika. Abiria walishuka, Nicholas hayumo. Filister alipanda bodaboda mpaka Awendo, njia nzima akipanga matusi.

Alimkuta Nicholas nje, kwenye kigoda, begi miguuni. Mlango ulikuwa umefungwa. Lynnet alikuwa amesimama mbele ya mlango.

“Mimi ndio nilimwita ashukie huku, mikayi,” Lynnet akasema. “Lakini kulala nimemkataza. Sitaki laana ya chira kwa watoto wangu. Nilitaka tu akuombe upande mapema. Mwaka jana ulikawia, nikakungoja mpaka mvua ikaisha. Mahindi yangu yalikauka yote.”

Filister alitafuta tusi hata moja, akakosa. Miaka yote alidhani Lynnet anamwonea wivu kwa sababu ya mume. Kumbe ni kwa sababu ya mvua.

“Begi,” akamwambia Nicholas. Wakarudi Kosele.

Asubuhi walipanda pamoja. Shamba lilipoisha, Nicholas alikaa chini kivulini, akavua viatu kama mtu aliyefika kwake.

“Vaa,” Filister akasema. “Nenda Awendo, mwenzangu naye apande.”

Nicholas akamtazama kwa mashaka. “Kwani wivu umeisha?”

“Haujaisha. Nenda kabla sijabadilisha nia.”